Kuosha na Kutakasa: Usafi wa Nje na Utakaso wa Roho katika Maisha ya Mkristo na katika Fasihi

UTANGULIZI

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Jumapili hutambulika kwa macho kabla ya kutambulika kwa masikio. Kengele ya kanisa haijalia bado, lakini nguo zimekwisha kufuliwa na kupigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, na watoto wameogeshwa na kupakwa mafuta hadi wakang'aa. Hakuna ubaya wowote katika desturi hii. Anayekwenda mbele ya mkubwa hujitengeneza, na hakuna mkubwa apitaye Yule anayeabudiwa siku hiyo. Hata hivyo, ndani ya desturi hii mna swali ambalo Ukristo umekuwa ukilijadili tangu mwanzo wake: maji yanayomtoa mtu vumbi yana uhusiano gani na utakaso anaouomba kwa Mungu?

Wahubiri wengi wamezoea kulijibu swali hili kwa mkato. Husema kwamba binadamu hutazama sura ilhali Mungu hutazama moyo, na kwamba usafi wa nje hauna thamani ikiwa wa ndani haupo. Wahenga nao wanaafikiana nao wanaposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, linachukulia kwamba nje na ndani ni vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta, hivi kwamba kinachotendeka katika kimoja hakisikiki katika kingine. Pili, linampa mdhalimu mahali pa kujificha. Mtu aliyemnyang'anya jirani yake shamba aweza kudai kwamba moyo wake umekwisha safishwa, na kwa kuwa moyo hauonekani, hakuna wa kumbishia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo wa nje na ndani, ingawa una manufaa yake, si kipimo cha kutosha cha kutofautisha usafi wa kweli na wa bandia. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kingine: je, kuosha huku kunamwelekeza mtu kwa mwenzake au kunamtenga naye? Hoja hii itajengwa kwa kuuchunguza msamiati wenyewe wa Kiswahili, kisha visa kadhaa vya Biblia, kisha kazi mbili za fasihi ya Afrika Mashariki, na hatimaye tajiriba ya Uamsho wa Afrika Mashariki na ya Hali ya Hatari nchini Kenya.

MSAMIATI WA USAFI

Kiswahili ni tajiri mno katika uwanja huu. Nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mikono na uso hunawiwa, mwili huogeshwa. Kila kitenzi kina mahali pake, na anayekosea huchekwa na watoto. Juu ya tabaka hili la kila siku kuna tabaka la ibada, na hapo maneno ya Kibantu na ya Kiarabu yanakaa pamoja. Kuna kueua, neno la zamani linalohusu kumwondolea mtu uchafu usioonekana, mathalani wa uchawi au wa mkosi. Kuna tohara, najisi, udhu na kutawadha, ambayo yaliingia pamoja na Uislamu. Dhambi na toba pia ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Kwa hivyo wamisionari wa karne ya kumi na tisa walipoanza kuitafsiri Biblia, hawakuikuta lugha tupu inayosubiri kujazwa. Waliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa imefikiri sana kuhusu unajisi na utakaso, na ambayo fikira zake zilikuwa zimetiwa rangi na dini nyingine.

Matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Neno la kwanza ni takatifu. Mzizi wake ni kitenzi takata, yaani kuwa safi, kuondokewa na taka; kutakasa ni kukifanya kitu kitakate. Kiebrania cha Agano la Kale kina maneno mawili tofauti kwa mambo haya: moja huhusu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, na la pili huhusu kilicho safi, na hili la pili lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lililotupa tohara. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinayatenga mambo hayo mawili. Kiswahili kimeyaunganisha. Msomaji wa Kiswahili anapomwita Mungu mtakatifu, anasema, kwa mujibu wa mzizi wa neno, kwamba Mungu ametakata. Anapomwita mtu mtakatifu, anasema kwamba mtu huyo ameoshwa. Muungano huu una uzuri wake, maana unamkumbusha Mkristo kwamba utakatifu si cheo bali ni hali ya kuondolewa kitu. Una hatari yake vilevile: ni rahisi mno, katika lugha kama hii, kudhani kwamba aliye safi wa mavazi yuko hatua moja tu kutoka utakatifu.

Neno la pili ni kutawadha. Katika Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, kitenzi hiki ndicho kinachotumiwa katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, Yesu anapoiosha miguu ya wanafunzi wake. Ni kweli kwamba katika matumizi ya kawaida neno hili laweza kumaanisha kuosha miguu tu. Lakini kwa msikilizaji wa pwani haliwezi kutenganishwa na udhu, na udhu ni tendo ambalo kwa kawaida mtu hujifanyia mwenyewe kabla ya kusimama kuswali. Katika kisa cha Yohana, kitenzi hicho kinageuzwa: anayetawadha haitawadhi miguu yake bali ya wengine, tena ya watu walio chini yake. Watafsiri, kwa kujua au kwa kutojua, walilichukua neno la mtu kujiandaa mbele ya Mungu wakalifanya kuwa neno la kumhudumia binadamu mwenzake. Katika mgeuko huo mdogo wa kisarufi mna kiini cha hoja ya makala haya.

Haifai hapa kudhani kwamba Uislamu unawakilisha usafi wa nje na Ukristo usafi wa ndani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nia ni nguzo ya udhu. Maji bila nia hayamtawadhishi mtu. Uhusiano wa maji na moyo ni swali la dini zote mbili, na lugha moja inalibeba kwa niaba ya zote.

MAJI KATIKA MAANDIKO

Kisa kinachotajwa mara nyingi zaidi katika mjadala huu ni kile cha sura ya 7 ya Injili ya Marko, ambapo Mafarisayo wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa. Yesu anajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi si kile kinachomwingia bali kile kinachomtoka. Mahubiri mengi huishia hapo, na Mafarisayo hubaki kuwa vikaragosi vya unafiki. Uhakiki wa haki hauna budi kwenda mbele kidogo. Kunawa huko kulikuwa na maana tukufu: kulikuwa jitihada ya watu wa kawaida kuileta nyumbani, kwenye meza ya chakula, hadhi ya usafi iliyokuwa ya makuhani hekaluni. Kosa ambalo Yesu analifichua mara moja baada ya kuulizwa halihusu maji kamwe. Linahusu wazazi. Anawashutumu wanaotangaza kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu ili wasilazimike kuwasaidia baba na mama zao. Hapa haulaumiwi usafi wa nje kwa kuwa ni wa nje. Inalaumiwa ibada inayotumiwa kama ukuta kati ya mtu na anayemtegemea.

Nabii Isaya anasema jambo hilohilo kwa uwazi zaidi katika sura yake ya kwanza. Anawaamuru watu wajioshe na kujitakasa, kisha, bila kuvuta pumzi, anaeleza maana ya kujiosha huko: kuitafuta haki, kumsaidia aliyeonewa, kumtetea yatima na mjane. Ahadi maarufu ya kwamba dhambi nyekundu zitakuwa nyeupe kama theluji inafuata baadaye. Anayeinukuu ahadi hiyo na kuiacha amri iliyotangulia anachukua sabuni na kuacha maji.

Visa viwili vingine vinakamilisha picha. Naamani, jemadari wa Shamu, anaambiwa ajichovye mara saba katika mto Yordani, naye anakasirika kwa kuwa mito ya kwao ni bora. Hapa tendo la nje, tena dogo na la kuaibisha, ndilo linalouvunja ukaidi wa ndani. Mwili unaufundisha moyo. Pilato kwa upande wake ananawa mikono mbele ya umati na kutangaza kwamba hana hatia. Maji yake yalikuwa safi kama ya mtu mwingine yeyote. Lakini alinawa ili ajitenge na mtu aliyekuwa mbele yake, ambaye alikuwa na uwezo wa kumwokoa. Naamani na Pilato wote walitenda tendo la nje. Mmoja alitakasika na mwingine akawa mfano wa karne zote wa mtu asiyetakasika. Kwa hivyo unje wa tendo hauwezi kuwa ndio unaoamua.

NDOA YA KĨGŨŨNDA

Fasihi ya Kenya ina kazi moja inayolishika swali hili bila kuliremba. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, kwa kawaida husomwa kama tamthilia ya kitabaka, na usomaji huo ni sahihi. Serikali iliisoma hivyohivyo: ilifuta leseni ya maonyesho baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Kwa Kiswahili inajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba mtambo unaoisukuma hadithi yake yote ni dhana ya utakaso.

Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi, na hati ya ardhi hiyo imetundikwa ukutani kama picha takatifu. Yeye na mkewe Wangeci walioana kwa mila. Mwajiri wake, Kĩoi, tajiri na mzee wa kanisa, anawajia na ujumbe kwamba wanaishi katika dhambi na kwamba ndoa yao haina budi kutakaswa kanisani. Mara ya kwanza Kĩgũũnda anawafukuza wageni hao. Baadaye yeye na mkewe wanajishawishi kwamba ujumbe ule una maana ya chini kwa chini, kwamba Kĩoi anataka nyumba yao iwe safi ili mwanawe John amwoe binti yao Gathoni. Wanakubali. Lakini utakaso una gharama: mavazi ya arusi, keki, samani za kuipendezesha nyumba. Fedha hawana. Kĩoi anawaonyesha njia ya benki, na dhamana ya mkopo ni ile hati iliyokuwa ukutani. Mwishowe John anamkana Gathoni aliyekwisha kumpa mimba, Kĩgũũnda anapoteza kazi, na ardhi inaangukia mikononi mwa Kĩoi, ambaye alikuwa akiitaka kwa ajili ya kiwanda cha dawa za wadudu.

Kinaya cha tamthilia hii kinaanzia kwenye majina. Kĩoi alibatizwa Ahabu na mkewe Yezebeli. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja kisa cha shamba la mizabibu la Nabothi katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Hata huko, njama ya kumnyang'anya maskini ardhi yake ilipitia mlango wa ibada: Yezebeli aliagiza watu watangaze mfungo, kisha Nabothi akashitakiwa kwa kumtukana Mungu na mfalme. Maji ya ubatizo yaliyowapa Kĩoi na mkewe majina hayo yaliwatangazia hatima yao, nao hawakusikia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kĩoi si mnafiki wa kawaida. Mnafiki wa kawaida hujisafisha nje ili kuuficha uchafu wa ndani. Kĩoi anakwenda mbali zaidi: anawasafisha wengine. Anautambua uchafu katika nyumba ya maskini na kuutolea dawa, na dawa hiyo inapita katika benki anayoielekeza yeye. Tamthilia inauliza, kwa namna ambayo wanateolojia wangefaa kuizingatia, ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mwingine kwamba si safi, na atafaidikaje mwambiwa anapokubali. Ndoa ya Kĩgũũnda haikuwa chafu. Ilifanywa chafu kwa neno la mtu aliyetaka kuiosha.

Hakika, mhakiki aweza kupinga kwamba Ngũgĩ na mwenzake wameuchora Ukristo kwa rangi moja, na pingamizi hilo lina uzito. Hakuna katika tamthilia Mkristo anayesimama kama mfano wa utakaso wa kweli, na mahubiri ya kanisa yanaonekana kuwa kileo tu. Lakini kejeli hujengwa kwa namna hiyo. Aidha, ni vigumu kuielewa ghadhabu ya tamthilia hii bila ya kipimo cha kibiblia kinachoiwezesha: Ahabu anatambulika kuwa Ahabu kwa sababu nabii Eliya alikwisha kumkemea.

ROSA NA DOA ASILOLITIA

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inalitazama suala hili kutoka upande mwingine. Jina lake ni mojawapo ya majina ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Kumwita binti wa Ukerewe kwa jina hilo ni kumvika nguo nyeupe ambayo hana ruhusa ya kuichafua. Zakaria, baba mlevi, anaulinda usafi wa bintiye kwa kipigo na vitisho. Matokeo ni kwamba Rosa anapokwenda mbali na nyumbani hana nguvu zake mwenyewe za kujilinda, maana ulinzi wote ulikuwa nje yake. Anaharibikiwa. Baadaye anabadilika, anatamani maisha mapya, na anapata mchumba, Charles. Lakini Charles anamwacha anapogundua kwamba si bikira, naye Rosa anajiua.

Katika istilahi za dini, Rosa ametubu. Katika istilahi za Charles, toba haifui kitu. Mwili umekwisha kuandikwa na maandishi hayafutiki. Hapa kasoro si kwamba usafi wa nje umetukuzwa na wa ndani ukasahauliwa, maana hata ubikira haukutafutwa kwa ajili ya Rosa. Baba aliutaka kwa ajili ya heshima yake na mchumba aliutaka kwa ajili ya haki yake. Riwaya inamalizika kwa kuwafikisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na hapo ndipo swali la nani aliyemchafua nani linapoulizwa wazi, baada ya kuwa haliwezi tena kumfaa aliyekufa. Kezilahabi anamwachia msomaji mzigo wa hukumu. Yeye mwenyewe haoshi mikono.

UAMSHO, KUKIRI NA KUREJESHA

Historia ya kanisa katika Afrika Mashariki ina vuguvugu moja lililolichukua suala la utakaso kwa uzito kuliko mengine yote. Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ambako wafuasi wake waliitwa Balokole, na kuingia Kenya kuanzia mwaka 1937. Lugha yake yote ilikuwa ya kuoshwa: damu ya Yesu huosha, ndugu hutembea nuruni, dhambi iliyofichwa ni uchafu uliofungiwa ndani. Kukiri hadharani kulikuwa desturi kuu ya mikutano yake.

Wapo waliouona Uamsho kuwa dini ya kujitenga, na baadhi ya wafuasi wake waliwapa sababu ya kudhani hivyo, kwa namna walivyowapima wengine kwa mavazi na nywele. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililowasumbua hata wasioamini. Waliookoka walirudisha vitu. Vitu vilivyoibwa hospitalini vilirudi hospitalini, na fedha zilizochukuliwa kwa mwajiri zikarudi kwa mwajiri. Ndugu alimwendea ndugu aliyemkosea akamwomba radhi uso kwa uso. Kielelezo chao kilikuwa Zakayo wa sura ya 19 ya Luka, ambaye wokovu ulitangazwa nyumbani mwake baada ya kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hapa ndani na nje viliacha kuwa vyumba viwili. Blanketi lililorudishwa ni kitu cha nje kabisa, na ndilo lililothibitisha kwamba ndani kumetokea jambo.

Utakaso huohuo ulipochukuliwa na dola uligeuka kuwa kinyume chake. Katika Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, kukiri kiapo kulikuwa sharti la kusogezwa karibu na uhuru kwa maelfu waliotiwa kambini. Lugha iliyotumika ilikuwa ya kusafisha: aliyeapa alikuwa na uchafu wa kutapikwa, na mwenye kukiri alikuwa ametakasika. Serikali ya kikoloni iliwatumia hata waganga kuendesha sherehe za kuwatakasa walioapa, nayo makanisa yakahusika katika kazi ya kurekebisha. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa kwa kukataa kazi. Hapa umbo la nje la kukiri lilikuwapo, na hata maneno yalikuwa yaleyale. Kilichokosekana ni kwamba anayemtaka mwenzake akiri hakuwa tayari kukiri lolote. Wahenga walisema: mwosha huoshwa. Wao walikuwa na maana ya maiti, kwamba aoshaye leo ndiye atakayelazwa kesho juu ya kitanda hichohicho. Mwosha ambaye hakubali kwamba na yeye ataoshwa amekuwa mtesaji.

Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya serikali ya Uingereza, mwezi wa Juni 2013, kueleza bungeni masikitiko yake kuhusu mateso hayo na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wakati huohuo ilisisitiza kwamba haikubali kuwajibika kisheria. Wazee waliopokea fedha hizo walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, msomaji wa Biblia hawezi kukosa kuona kwamba katika tendo hilo moja Zakayo na Pilato walikaa pamoja: mkono mmoja ulirejesha, na mwingine ukanawa.

JE, USAFI WA NJE NI BURE?

Kutokana na yaliyosemwa, mtu angeweza kufikia uamuzi kwamba kuoga na kufua ni mambo ya mwili tu, na kwamba maadili hayahusiki nayo. Uamuzi huo utakuwa kosa. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji ya dawa ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, baada ya kugundua kwamba walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja wodini. Vifo vya akina mama vilipungua sana. Hata hivyo, wakubwa wengi wa taaluma hiyo walimpinga, na mojawapo ya sababu ilikuwa heshima: hawakuweza kukubali kwamba mikono ya waungwana ndiyo iliyokuwa ikiua. Katika kisa hiki, uchafu wa nje ulilindwa na kiburi cha ndani, na maji ya kawaida yangekuwa tendo la toba.

Mwaka 2020, wakati wa tauni ya korona, ndoo yenye bomba iliwekwa katika mlango wa makanisa mengi ya Afrika Mashariki. Aliyenawa hapo kwa ajili ya bibi kizee aliyeketi benchi la mbele alikuwa ametimiza sehemu ya amri ya upendo kabla ya ibada kuanza. Kwa hivyo usafi wa nje una thamani ya kimaadili, na wakati mwingine thamani kubwa, pale unapofanywa kwa ajili ya mwingine. Haufai pale unapokuwa beji ya daraja, wala pale asiyekuwa na sabuni anapohesabiwa kuwa hana Mungu.

Jambo hili lina upande wa kihistoria usiopaswa kupuuzwa. Wamisionari wengi walileta Injili na sabuni katika sanduku moja, na mara nyingi mwongofu alipimwa kwa vyote viwili. Zaidi ya hayo, jazanda ya kibiblia ya weupe wa theluji ilipohubiriwa na watu weupe kwa watu weusi chini ya dola ya kikoloni, ilibeba maana ambayo Isaya hakuikusudia. Inavutia kuona jinsi Waafrika walivyoijibu. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoasisiwa na Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, liliuchukua weupe likaufanya kanzu na kilemba, likauunganisha na kukiri dhambi hadharani, na kuwa na mamlaka yake lenyewe juu ya nani ni safi. Mtu aweza kuona humo kushikilia ishara za nje. Aweza pia kuona watu waliokataa kuambiwa na wengine kwamba wao ni wachafu.

HITIMISHO

Makala haya yameanza na swali la uhusiano wa maji na moyo, na yameonyesha kwamba nje na ndani si mizani ya kutosha. Naamani na Pilato, Zakayo na Kĩoi, ndugu wa Uamsho na askari wa kambini, wote wana ishara za nje. Kinachowatofautisha ni mwelekeo. Kuna kuosha kunakomrudisha mtu kwa mwenzake, akiwa ameshika mkononi alichomchukulia, na kuna kuosha kunakomwondoa karibu naye. Kitenzi kutawadha, kama kilivyotumiwa katika Injili ya Yohana kwa Kiswahili, kinauweka wazi mwelekeo huo wa kwanza: usafi wangu unaanzia miguuni mwa mwingine.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na fasihi ndiyo inayouonyesha. Zakayo aliwakuta aliowadhulumu wakiwa hai. Zakaria na Charles hawawezi kumrudishia Rosa kitu. Kuna madhara ambayo hakuna cha kurejeshwa wala wa kurejeshewa, na hapo Mkristo anapoomba aoshwe anaomba jambo ambalo haki ya kibinadamu haiwezi kumpa. Teolojia huliita neema. Mhakiki hana jina la kuliongezea. Analoweza kusema ni kwamba neema hiyo haiwezi kuombwa kwa mkono ambao bado umeshika hati ya shamba la Kĩgũũnda.